Uzito wa Gunia

Mimi ni karani wa mizani, ghala la tumbaku,
nyuma ya stesheni ya Tabora.
Robota likipanda, sindano ikitulia,
naandika. Kisha nakata:
kilo moja ya gunia na kamba,
nusu ya unyevu kama mkulima ameamkia mvua.
Kinachobaki ndicho chake.

Walipotaka kupima mabondia wakaja kwangu,
maana mizani ya zahanati ilikuwa imekwama kwenye sifuri.
Mihambo wa Urambo akapanda na kaptula na soksi:
sabini na tatu.
Kapaya wa Ng'ambo, fundi baiskeli,
akapanda na spana mfukoni.
Nikamwambia, toa spana.
Sitini na moja na nusu.
Mwandaaji akanikonyeza: "Andika wanalingana, karani,
tiketi zimeshauzwa."
Nikaandika nilichokiona.
Hakuna aliyesoma.

Raundi sita, kwa mwanga wa taa za lori la kuazima.
Mihambo hakuhitaji hata kukunja ngumi vizuri;
akiegemea tu, Kapaya anakwenda kwenye kamba
kama mlango usio na komeo.
Akaanguka ya tatu, akaanguka ya tano,
akainuka mara zote mbili akitema mate mekundu
na kumwita mwenzake aje.
Majaji watatu wakasema Mihambo.
Ukumbi mzima ukaimba jina lingine.

Kapaya akapelekwa Ng'ambo juu ya baiskeli,
jicho limefumba, anacheka.
Mihambo akapewa debe la asali,
akatokea mlango wa marobota.

Kesho yake kijiweni:
"Kumpiga mtoto nako ni kushinda?"
"Mtoto gani? Ana ndevu na wake wawili!"
"Kilo kumi na moja na nusu, jamani, huyo ni mbuzi.
Kapaya amepigana na mtu aliyebeba mbuzi."
Kalunde, muuza mihogo, hakuinua macho kwenye karai:
"Na huyo aliyembeba mbuzi raundi sita,
yeye hakuchoka?"
Wakanyamaza, wakanunua mihogo,
wakaanza upya.

Siku ya tatu Mihambo akaingia ghalani, debe begani.
Mwangaluka. Mwangaluka.
"Karani, wewe unajua kukata.
Nikatie na mimi.
Toa gunia, toa kamba, toa unyevu wote,
uniambie niliyoshinda ni kilo ngapi."

Nilikumbuka darasa la saba,
shairi langu lilirudi na wino mwekundu:
maneno mazuri, mizani imezidi.
Silabi mbili tu.
Sikumwambia.

Akanyoosha mkono wa kulia.
Kidole gumba kimevimba kama kiazi.
"Raundi ya pili. Nilimaliza na mmoja.
Hii uliiandika wapi?"
Nikafungua daftari, nikalifunga.

Debe akaliacha. "Mpe Kapaya. Mwambie ni lake."

Nikalipeleka mwenyewe, njia yote naegemea upande mmoja.
Kapaya alikuwa chini ya gurudumu, jicho bado la zambarau.
Akasikiliza mpaka mwisho, akafuta grisi.
"Lirudishe. Mshindi ni yeye.
Nikila asali hii nitakuwa nimekubali nilionewa,
na anayeonewa ni mtoto.
Mimi nilipigwa na mwanamume, karani.
Msinipunguzie."

Mihambo alikuwa ameshapanda treni.

Basi debe liko ofisini, kati ya kabati na dirisha.
Juzi nikalipandisha kwenye bamba:
ishirini na tatu, nikakata bati, ishirini na mbili.
Leo ishirini na moja na robo tatu.
Kuna mstari wa sisimizi kutoka kwenye mfuniko
mpaka ufa wa ukuta,
wanakwenda, wanarudi,
kila mmoja na tone kubwa kuliko kichwa chake.
Robo imekwenda.
Kalamu ninayo mkononi,
na sijui niikate kwenye jina la nani.